Nyongeza za Hiari katika Bima ya Harusi: Istilahi, Fasili na Haki ya Mlaji katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Bima ya harusi imezoeleka nchini Uingereza na Marekani, ambako mkataba wa msingi huuzwa pamoja na nyongeza za hiari ambazo mnunuzi huzilipia kando. Makala haya yanaeleza namna nyongeza hizo zinavyofanya kazi, kisha yanachunguza kinachotokea zinapoelezwa kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba nyongeza ndiyo sehemu ya mkataba inayokutana na desturi za watu, na kwa hiyo ndiyo sehemu ambayo neno moja lisilo na fasili linaweza kuamua nani alipwe na nani asilipwe. Maneno kama vile harusi, jamaa wa karibu, kuahirisha na mnufaika yana upana katika Kiswahili ambao hauwiani na upana wa ahadi ya mtoa bima. Makala yanapendekeza kanuni za kuunda istilahi za nyongeza hizo na hatua za kisera zinazoweza kuchukuliwa na mamlaka za usimamizi wa bima pamoja na vyombo vya ukuzaji wa Kiswahili katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: bima, harusi, nyongeza ya hiari, istilahi, fasili, haki ya mlaji

1.0 Utangulizi

Katika miji ya Afrika Mashariki, harusi ni shughuli ya fedha kabla haijawa siku ya shangwe. Dar es Salaam, kamati ya harusi hukaa vikao kwa majuma mengi ikigawa kadi za mchango na kufuatilia ahadi. Kampala, mikutano ya harusi hufanya kazi hiyohiyo. Siku yenyewe inapofika, sehemu kubwa ya fedha imekwisha kutoka: arbuni ya ukumbi, malipo ya mpishi na mpambaji, mpiga picha, magari, mavazi na mshereheshaji. Harusi ikivunjika siku mbili kabla, hasara haimwangukii mtu mmoja. Inawaangukia wazazi, ndugu, wafanyakazi wenza na majirani waliochangia.

Kwa mtazamo huo, bima ya harusi si jambo geni kiasi linavyoonekana. Inajibu swali ambalo kamati zetu hujiuliza kimyakimya: ikitokea la kutokea, nani atarudisha fedha za watu? Hata hivyo, aina hii ya bima imekulia mahali pengine. Imeundwa Uingereza na Marekani, kwa Kiingereza, ikiwa na picha fulani ya harusi: watu wawili, siku moja, ukumbi mmoja, na wageni waliopokea mialiko. Harusi isiyolingana na picha hiyo hupewa nafasi yake kupitia nyongeza za hiari.

Makala haya yameandikwa na mtafiti wa lugha, si mwanasheria wala mtaalamu wa bima. Yanajikita katika swali moja: nyongeza hizo zikielezwa kwa Kiswahili, je, msomaji wa Kiswahili ataelewa kile kile ambacho mtoa bima anaahidi? Swali hili lina uzito wa kisera. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Ibara yake ya 46 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017. Mwezi Februari 2021, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Iwapo lugha hii itabeba mikataba ya kifedha kuvuka mipaka, istilahi zake zapaswa kustahimili siku ya madai, si siku ya mauzo peke yake.

2.0 Msingi wa mkataba

Ni vema kueleza msingi kabla ya nyongeza. Mkataba wa kawaida wa Uingereza hufidia gharama zisizorejeshwa pale harusi inapofutwa au kupangwa upya kwa sababu zilizotajwa. Sababu hizo kwa kawaida ni ugonjwa mkubwa au kifo cha mmoja wa maharusi au cha jamaa wa karibu, ukumbi kushindwa kutumika, mtoa huduma kufilisika, na hali mbaya ya hewa inayowazuia wengi wa waalikwa kufika. Nchini Marekani, bima hii mara nyingi hugawanywa sehemu mbili zinazoweza kununuliwa pamoja au mbalimbali: bima ya kufutwa kwa harusi, na bima ya dhima, yaani ile inayolipa madhara waliyopata watu wengine au mali zao.

Mambo matatu huambatana na kila ahadi ya mkataba. La kwanza ni kikomo cha fidia, yaani kiasi cha juu ambacho mtoa bima atalipa. La pili ni kiasi cha kujilipia, yaani sehemu ya hasara ambayo mkata bima huibeba mwenyewe kabla ya fidia kuanza. La tatu ni orodha ya mambo yasiyofidiwa. Anayesoma kichwa cha kifungu bila kusoma mambo haya matatu amesoma nusu ya ahadi.

Uzito wa maneno ya mkataba ulidhihirika wakati wa janga la UVIKO-19. Kuanzia tarehe 23 Machi 2020, sherehe za ndoa nchini Uingereza zilisimamishwa karibu zote, na ziliporuhusiwa tena katika eneo la England tarehe 4 Julai mwaka huo, idadi ya wahudhuriaji ilikuwa na ukomo wa watu 30. Baadhi ya mikataba ilitaja kufungwa kwa ukumbi kwa sababu ya mlipuko wa ugonjwa, lakini haikutaja kufungwa kwa amri ya serikali. Kwa msemaji wa kawaida, hizo ni sababu mbili za jambo moja. Kwa msomaji wa mkataba, ni vifungu viwili tofauti, na tofauti hiyo ilitosha kuzua mgogoro juu ya malipo. Tarehe 15 Januari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi ya mfano kuhusu bima za kukatizwa kwa biashara. Kesi hiyo haikuhusu harusi, lakini sehemu kubwa ya kazi ya majaji ilikuwa kupima maana ya maneno yaliyokuwa yameandikwa miaka kadhaa kabla ya janga.

3.0 Nyongeza za hiari na kazi zake

Nyongeza ya hiari ni ahadi ya ziada inayoambatanishwa na mkataba wa msingi kwa malipo ya ziada, na ambayo mkataba wa msingi hausimami wala hauanguki kwa kukosekana kwake. Bidhaa hutofautiana: jambo ambalo kampuni moja huliuza kama nyongeza, nyingine huliweka katika msingi. Hata hivyo, kwa kuangalia kile kinachoongezwa, nyongeza zinaweza kugawanywa katika makundi manne: dhima, mali, sababu, na mahali au wakati.

3.1 Nyongeza za dhima

Kundi la kwanza linahusu madhara kwa watu wengine. Mgeni akiteleza ukumbini na kuvunjika mguu, au mpambaji akiunguza pazia la ukumbi kwa mishumaa, mwenye shughuli anaweza kudaiwa. Nchini Marekani kumbi nyingi hazikubali kukodishwa bila hati inayothibitisha kuwapo kwa bima ya dhima, na kikomo cha dola milioni 1 kwa kila tukio ni cha kawaida. Ukumbi pia hutaka jina lake liongezwe katika mkataba, ili ukidaiwa pamoja na mwenye harusi, nao uwe chini ya kinga ileile.

Ndani ya kundi hili imo nyongeza ya madhara ya kileo. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, aliyempa mtu kileo anaweza kuwajibika kwa madhara ambayo mlevi huyo aliyasababisha baadaye, kwa mfano ajali ya barabarani. Nyongeza ya aina hii kwa kawaida humlinda mwenyeji anayewakirimu wageni wake bure. Wageni wakiuziwa vinywaji, hali hubadilika, kwa kuwa uuzaji wa kileo huhitaji bima ya aina nyingine. Tofauti ya kukirimu na kuuza, ambayo katika mazungumzo huonekana ndogo, hapa ndiyo mpaka wa ahadi.

3.2 Nyongeza za mali

Kundi la pili linataja vitu. Nchini Uingereza, ambako sherehe nyingi hufanyika chini ya mahema ya kukodi katika viwanja vya wazi, kuna nyongeza ya hema, inayolipa uharibifu wa hema lenyewe pamoja na vifaa vilivyokodiwa nalo. Zipo pia ahadi juu ya mavazi, pete, keki, maua na zawadi. Kuhusu zawadi, msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa mwangalifu: ahadi hizo zilifikiriwa kwa ajili ya vitu, na fedha taslimu mara nyingi huwekewa kikomo kidogo. Katika harusi ambayo wageni hutunza kwa noti, nyongeza ya zawadi inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko jina lake.

Nyongeza ya picha na video nayo hufasiriwa vibaya kwa urahisi. Picha zikipotea, mtoa bima hawezi kuirudisha siku. Anachoahidi ni kulipia gharama za kuwakusanya tena wahusika na kupiga picha upya, hadi kikomo fulani. Kinachofidiwa ni gharama, si kumbukumbu.

Nyongeza moja ya Uingereza inafaa kutajwa kwa sababu ya kile inachofichua. Baadhi ya mikataba hutoa kinga kwa panga za heshima, zile ambazo maofisa wa jeshi huzinyanyua na kuwafanyia maharusi upenu wa kupita chini yake. Mtu asiyejua desturi ya harusi za kijeshi ataona nyongeza hiyo kuwa kichekesho. Lakini inathibitisha kwamba orodha ya nyongeza ni kioo cha jamii iliyoiandika. Harusi ya pwani ya Waswahili, ambako bwana harusi huvaa joho na jambia na bibi harusi hupambwa kwa dhahabu ambayo pengine imeazimwa kwa jamaa, ingehitaji kioo chake. Kwa bwana harusi wa Lamu, upanga wa ofisa wa Uingereza hauna maana. Vito vya kuazima vina maana kubwa, na fasili ya “mali ya mkata bima” ikivitenga, ahadi imemkosa mlengwa.

3.3 Nyongeza za sababu

Kundi la tatu haliongezi kitu bali sababu ya kulipwa. Mfano mmoja ni nyongeza kwa askari na watumishi wa huduma za dharura: harusi ikishindikana kwa kuwa likizo ya mmoja wa maharusi imesitishwa na mwajiri wake, au ametumwa kazini ghafla, fidia hulipwa.

Mfano wa pili una mvuto zaidi kwa mtafiti wa lugha. Mikataba ya bima ya harusi kwa kawaida hailipi chochote pale mmoja wa maharusi anapoamua kwa hiari yake kutoolewa au kutooa. Nchini Marekani iliwahi kuuzwa nyongeza ya kuziba pengo hilo, na jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, ni “badiliko la moyo”. Jina hilo linampa mnunuzi picha kwamba bibi harusi au bwana harusi aliyebadili nia atarudishiwa fedha zake. Sivyo. Nyongeza hiyo ilimlipa mtu wa tatu asiye na hatia aliyegharimia harusi, kama vile mzazi, na kwa sharti kwamba uamuzi wa kuachana ulifanyika muda mrefu kabla ya siku yenyewe. Aliyebadili nia halipwi. Aliyeachwa akiwa amevaa shela mlangoni mwa kanisa halipwi pia.

3.4 Nyongeza za mahali na wakati

Kundi la nne hupanua mipaka ya eneo na muda. Wakazi wa Uingereza wanaofunga ndoa nje ya nchi wanaweza kuhitaji upanuzi wa aina hiyo. Hapa ndipo bidhaa hizi zinapoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa kuwa wapo watu wa eneo letu wanaoishi ng'ambo na kurudi nyumbani kuoa au kuolewa. Mkataba wao umeandikwa London, ukumbi uko Mombasa au Bukoba, na wachangiaji wako pande zote mbili. Wanaposoma kifungu cha “harusi ya nje ya nchi”, wao huona kwamba harusi inafanyika nyumbani.

4.0 Mitego ya istilahi

4.1 Harusi, ndoa na siku ya harusi

Kiswahili hutofautisha vizuri ndoa na harusi: ndoa ni kifungo, harusi ni sherehe yake. Kwa hiyo jina “bima ya harusi” ni sahihi, kwani halidokezi kwamba ndoa yenyewe imekatiwa bima. Tatizo ni upana wa neno harusi. Mikataba ya Uingereza hulenga ibada au hafla ya kufunga ndoa na karamu inayofuata. Harusi yetu mara nyingi ni mfululizo: posa, kupeleka mahari, hafla ya kumwaga binti, singo, nikahi au ibada, karamu, na wakati mwingine hafla ya pili upande wa kwao bwana harusi. Nchini Uganda, kwanjula huweza kuwa na gharama na wageni wengi kama harusi ya kanisani, na hufanyika siku nyingine kabisa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia moja imekata bima ya harusi yenye kikomo cha shilingi 20,000,000 za Uganda na kiasi cha kujilipia cha shilingi 500,000, pamoja na nyongeza ya mahema. Mvua ya upepo inaangusha hema siku ya kwanjula, juma moja kabla ya ibada, na mwenye hema anadai shilingi 3,000,000. Ikiwa mkataba unafasili harusi kuwa ni ibada na karamu ya siku moja iliyotajwa, familia haitalipwa chochote, ingawa hema ni hilohilo lililotarajiwa kutumika tena siku ya ibada. Ikiwa unafasili harusi kuwa ni hafla zote zilizoorodheshwa na mkata bima, italipwa 2,500,000. Nyongeza haikubadilika. Fasili ya neno moja katika msingi ndiyo iliyobadilika.

4.2 Jamaa wa karibu

Ugonjwa au kifo cha jamaa wa karibu ni sababu ya msingi ya fidia. Mikataba ya Kiingereza huorodhesha jamaa hao kwa ufinyu: wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, mabibi na mababu. Mfasiri akiandika “ndugu wa karibu”, amefungua mlango mpana mno. Katika matumizi ya wengi wetu, ndugu ni pamoja na mtoto wa baba mdogo na wa mama mkubwa, na baba mkubwa ni baba. Katika kwanjula ya Waganda, ssenga, yaani shangazi, ana nafasi ambayo haijazwi na mtu yeyote aliye karibu tu. Akifariki usiku wa kuamkia shughuli, hakuna familia itakayosema kwamba aliyekufa si jamaa wa karibu.

Hapo mtoa bima na mkata bima wote wawili wamo hatarini. Sheria ya Haki za Walaji ya Uingereza ya mwaka 2015 inataka masharti ya mkataba yaandikwe kwa lugha ya wazi na inayoeleweka, na sharti likiwa na maana mbili, ile inayomfaa zaidi mlaji ndiyo hushika. Kanuni ya kufasiri utata dhidi ya aliyeuandika inajulikana pia katika mifumo ya sheria iliyotokana na ile ya Uingereza, ikiwamo ya nchi zetu kadhaa. Tafsiri ya kizembe inaweza kumlazimisha mtoa bima kulipa asichokitarajia, au kumfanya mfiwa ahangaike na kesi katikati ya matanga.

4.3 Kuahirisha, kufuta na kughairi

Katika taarifa za kila siku, “harusi imeahirishwa” hutumika kama njia ya adabu ya kusema kwamba haitafanyika tena. Ni tafsida nzuri ya kijamii, lakini haifai katika fomu ya madai. Mtoa bima hutenga matokeo mawili: kufutwa, ambako hufidia gharama zilizopotea, na kupangwa upya, ambako hufidia gharama za ziada za kuandaa siku nyingine. Mama wa bibi harusi anayejaza “imeahirishwa” kwa kuona aibu kuandika “imevunjika” anaweza kujiweka katika kifungu kisichomhusu. Kwa bahati njema, Kiswahili kina kitenzi cha tatu ambacho hakina mshindani: kughairi, yaani kubadili nia. Nyongeza iliyojadiliwa katika sehemu ya 3.3 haihitaji jina la kupamba. Ni nyongeza ya kughairi.

4.4 Mnufaika na mkata bima wa ziada

Ukumbi unaotaka kuongezwa katika mkataba wa dhima hauwi mnufaika. Mnufaika ni yule anayepokea fedha baada ya tukio, kama ilivyo katika bima ya maisha. Ukumbi unataka kukingwa dhidi ya madai, kama mkata bima mwenyewe anavyokingwa. Istilahi “mkata bima wa ziada” ni ndefu kidogo, lakini inasema kweli. Kamati ya harusi ikiambiwa kwamba ukumbi ni “mnufaika”, itadhani kwamba karamu ikifutwa, fedha zitakwenda kwa mwenye ukumbi badala ya waliochanga.

4.5 Bima kubwa na bima ndogo

Nchini Tanzania, wenye magari wamezoea kusema “bima kubwa” kwa ile inayokinga pia gari lenyewe, na “bima ndogo” kwa ile ya madhara kwa wengine peke yake. Majina haya ni mepesi na yamekubalika, na pengine yatahamia kwenye bima nyingine. Tahadhari inahitajika. Jina la ukubwa humfanya mnunuzi aamini kwamba kubwa lina kila kitu. Katika bima ya harusi, mkataba unaoitwa kubwa bado unaweza kukosa dhima ya kileo, vito vya kuazima na kughairi. Nyongeza zipasa kuitwa kwa matukio yake, si kwa vipimo.

5.0 Mapendekezo

5.1 Kanuni za istilahi

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza kanuni tatu. Kwanza, jina la nyongeza litaje tukio au kitu kinachokingwa, na liepuke taswira. Pili, fasili itangulie jina: kabla ya kukubali istilahi, wanaistilahi wajibu maswali matano, yaani ni tukio gani, nani hulipwa, kwa kikomo gani, baada ya kujilipia kiasi gani, na katika muda gani. Tatu, maneno ya undugu yasitumiwe bila orodha. Badala ya “jamaa wa karibu”, mkataba uwataje watu kwa uhusiano wao na maharusi, na umpe mkata bima nafasi ya kuwaandika wengine ambao bila wao shughuli haiendi, akiwamo shangazi au mjomba.

Kwa kufuata kanuni hizo, istilahi zifuatazo zinapendekezwa kwa mjadala:

Nyongeza ya madhara kwa wengine: hulipa madai ya watu walioumia au walioharibiwa mali kwa sababu ya hafla iliyotajwa.

Nyongeza ya madhara ya kileo: hulipa madai yanayotokana na kileo ambacho mwenyeji amekitoa bila kukiuza.

Nyongeza ya mahema na vifaa vya kukodi: hulipa uharibifu wa vitu hivyo vikiwa mikononi mwa mkata bima kwa ajili ya hafla zilizoorodheshwa.

Nyongeza ya vito na mavazi ya kuazima: hulipa upotevu au uharibifu wa vitu visivyo mali ya maharusi lakini walivyokabidhiwa.

Nyongeza ya kupiga picha upya: hulipa gharama za kuwakusanya tena wahusika iwapo picha au video zimepotea.

Nyongeza ya kusitishiwa likizo: hulipa iwapo mwajiri aliyetajwa amemwita kazini mmoja wa maharusi.

Nyongeza ya kughairi: humlipa aliyegharimia harusi, asiye bwana wala bibi harusi, iwapo mmoja wao amebadili nia kabla ya muda uliotajwa.

Nyongeza ya mwisho ina umuhimu wa pekee katika jamii zetu. Aliyegharimia mara nyingi si mzazi mmoja bali kamati yenye majina mengi katika daftari. Mkataba wa Kiswahili utapaswa kusema wazi iwapo kamati inaweza kukata bima, nani hutia saini kwa niaba yake, na fidia hugawanywaje kwa wachangiaji. Hilo si suala la tafsiri. Ni sharti jipya ambalo asili yake ya Kiingereza haikulihitaji.

5.2 Hatua za kisera

Uzoefu wa Ulaya unatoa mafunzo mawili. La kwanza ni muhtasari. Tangu tarehe 1 Oktoba 2018, kanuni za Umoja wa Ulaya kuhusu usambazaji wa bima zinamtaka muuzaji wa bima zisizo za maisha ampe mlaji waraka mfupi wenye muundo mmoja, kwa kawaida kurasa mbili, unaojibu maswali kwa mpangilio uleule: kinachokingwa ni nini, kisichokingwa ni nini, vizuizi ni vipi, kinga inafanya kazi wapi, na wajibu wa mkata bima ni upi. Waraka wa namna hiyo kwa Kiswahili ungekuwa na faida kubwa kuliko tafsiri ya mkataba mzima isiyosomwa na mtu.

Fundisho la pili ni ridhaa. Mamlaka ya Maadili ya Fedha ya Uingereza ilichunguza soko la bima za nyongeza na mwaka 2014 ikabaini kwamba ushindani katika soko hilo haukuwa ukiwafaa walaji vya kutosha. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 ilipiga marufuku kuuza nyongeza kwa kumwekea mnunuzi alama ya kukubali mapema, ili akae kimya na kutozwa. Hiari lazima itamkwe. Mamlaka zetu, kama vile Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania na zile za Kenya na Uganda, zinaweza kuweka sharti hilo kabla bidhaa hizi hazijaenea katika simu za mkononi, ambako alama ndogo iliyokwisha kuwekwa hupita bila kuonekana.

Pendekezo la tatu linahusu lugha ya kushika. Kifungu cha kusema kwamba tafsiri ikitofautiana na Kiingereza, Kiingereza ndicho kitakachoshika, hulifanya toleo la Kiswahili kuwa tangazo la biashara lenye sura ya mkataba. Ikiwa mlaji ameuziwa kwa Kiswahili na ametia saini toleo la Kiswahili, toleo hilo limfunge muuzaji angalau katika muhtasari na katika fasili za nyongeza. Ili sharti hilo litekelezeke bila kuwaogopesha watoa bima, istilahi zapaswa kuwa za pamoja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuwakutanisha wasimamizi wa bima na wanaistilahi wa nchi wanachama, pamoja na wazungumzaji kutoka Burundi na mashariki ya Kongo, ambako istilahi za bima zimepokelewa kwa Kifaransa na zina mitego yake.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba nyongeza za hiari huongeza dhima, mali, sababu, au mahali na wakati, na kwamba kila moja hutegemea fasili ya maneno ambayo watumiaji wa Kiswahili wanaamini kwamba wanayajua. Harusi, ndugu, kuahirisha na zawadi ni maneno ya nyumbani. Kwa sababu hiyo ndiyo yenye hatari zaidi, kwani hakuna anayeona haja ya kuuliza maana yake. Istilahi ngeni humfanya msomaji asimame, ilhali neno la nyumbani humpitisha bila tahadhari.

Bima ya harusi haijazoeleka katika nchi zetu, na hilo ni nafuu kwa wanaistilahi. Katika nyanja nyingi Kiswahili kimefika baada ya bidhaa na kulazimika kuyahalalisha maneno yaliyokwisha kuenea. Hapa bado upo wasaa wa kufasili kwanza na kuuza baadaye. Kamati inayoweka michango ya watu mia mbili katika mkataba mmoja inastahili kujua, kabla ya kutia saini na kwa lugha inayofanyia vikao vyake, ni lipi litalipwa na ni lipi halitalipwa.